Vuli Isiyo na Mvua

Wahenga walinena kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mwanafunzi mmoja Mkenya aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili mjini Busan, katika Jamhuri ya Korea, alipanda basi la asubuhi la kwenda Gyeongju Jumamosi moja ya katikati ya Novemba mwaka 2022, wala hakuwa na nia ya kuokota chochote. Alikwenda kutembea tu, kuyapumzisha macho yaliyochoshwa na vitabu. Lakini kabla basi halijaondoka kituoni, simu yake ililia, akasoma ujumbe wa baba yake mdogo kutoka Kitui: "Mwanangu, mnunuzi amefika bei. Anakuja leo saa nane mchana na pesa mkononi. Sote tumekubali, umebaki wewe. Tupe neno lako."

Shamba lililokuwa likizungumziwa lilikuwa la nyanya yake, ekari tatu zilizoteremka hadi kwenye mto wa msimu. Nyanya ndiye aliyemlea msichana huyo tangu utotoni, na kabla ya kufa alitamka mbele ya wazee kwamba naye apewe fungu lake kama watoto wengine. Ndiyo maana neno lake lilihitajika. Mwezi wa Machi mwaka huohuo nyanya alifariki, akazikwa chini ya mwembe katika shamba hilo. Mjukuu hakuhudhuria mazishi, kwa kuwa nauli ya ndege ilizidi posho yake ya miezi mingi. Aliyatazama katika kioo cha simu, usiku, chumbani mwake, hadi mtandao ulipokatika jeneza likiwa bado linateremshwa. Tangu hapo picha hiyo ilibaki imening'inia moyoni mwake, jeneza lisilofika chini.

Kitui ilikuwa katika janga. Misimu minne ya mvua ilikuwa imepita mikavu mfululizo, na wa tano ulielekea kuwa vivyo hivyo. Mbuzi walikuwa wamekwisha. Bei aliyoitoa mnunuzi haikufika hata nusu ya ile ambayo shamba hilo lingepata mwaka wa neema, na hilo kila mtu alilijua, mnunuzi akiwa wa kwanza. Msichana alipiga hesabu. Korea imeitangulia Kenya kwa saa sita, kwa hivyo saa nane mchana ya Kitui ni saa mbili usiku ya Gyeongju. Alikuwa na siku nzima ya kutafuta neno la kusema.

Mwenyeji wake alikuwa akimngoja kwenye kituo cha mabasi. Alikuwa msichana Mkorea, mzaliwa wa mji huo, aliyesoma Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Hankuk cha Taaluma za Kigeni. Siku walipojuana, jambo la kwanza alilomuuliza Mkenya lilikuwa umri wake. Mgeni aliona haya kidogo, asijue kwamba katika lugha ya Kikorea mtu hawezi kuzungumza na mwenzake kwa adabu bila kujua nani amemtangulia nani duniani. Ilipobainika kwamba Mkenya alimzidi miaka mitatu, mwenyeji alianza kumwita "eonni", na alipozungumza Kiswahili akamwita "dada", bila kukosea hata mara moja.

"Karibu Gyeongju, dada," alisema kwa Kiswahili chake cha kitabuni, kila silabi ikiwa mahali pake. "Umekuja wakati mzuri. Hii ndiyo vuli."

Mgeni alitabasamu, kisha tabasamu likamfia mdomoni. Mwenyeji alikuwa amejifunza katika kamusi kwamba majira haya ya majani kupukutika, kati ya joto na baridi kali, huitwa vuli. Hakukosea. Ila kwa mtu wa Kitui vuli si rangi ya majani. Vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba, zile zinazotegemewa kwa chakula cha mwaka kuliko hata masika. "Kwetu vuli ni mvua," alieleza. "Na mwaka huu haijanyesha." Mwenyeji aliuliza kama mvua isiponyesha bado huitwa vuli. Mgeni alikosa jibu. Walianza kutembea.

Gyeongju ilikuwa makao makuu ya ufalme wa Silla kwa takribani miaka elfu moja, tangu mwaka 57 kabla ya Kristo, kama mapokeo yasemavyo, hadi mwaka 935 ufalme huo ulipojisalimisha kwa Goryeo. Katika karne ya saba Silla ilishiriki kuziangusha dola jirani za Baekje na Goguryeo. Lakini mgeni anayeshuka basi leo hapokewi na kasri wala ukuta. Anapokewa na makaburi. Yamechomoza katikati ya mji kama vilima vya nyasi, mviringo kwa mviringo, kando ya maduka ya kahawa, benki na vituo vya teksi. Watoto wanapita kandoni mwake wakitoka shule, na wazee wameketi mbele yake wakiota jua. Mnamo Novemba nyasi zake zimeshageuka rangi ya simba. Juu ya kaburi moja kubwa liitwalo Bonghwangdae imeota miti mikubwa, mizizi ikiwa imeukumbatia udongo, na hakuna aliyeikata.

"Mnaishi na wafu," mgeni alisema.

"Wao walitutangulia kuwa hapa," mwenyeji alijibu. "Sisi ndio tuliokuja kukaa nao."

Mwaka 1921, alieleza, watu waliokuwa wakijenga nyumba karibu na hapo walichimba udongo wakakutana na taji la dhahabu. Hilo lilikuwa la kwanza kupatikana. Jumla ya mataji ya dhahabu ya Silla yanayojulikana ni sita. Kaburi la jirani lilichimbwa mwaka 1926, nchi ikiwa chini ya ukoloni wa Japani, na mwanamfalme wa Uswidi aliyekuwa akizuru alishiriki kuchimba. Kaburi hilo likaitwa Seobongchong, silabi yake ya kwanza ikitokana na jina la Uswidi kwa maandishi ya Kichina. Mgeni alisimama akilitafakari jambo hilo. Aliyezikwa pale hana jina, ila mgeni aliyepita siku moja akiwa na sururu ameacha la nchi yake.

Waliingia katika bustani ya Daereungwon, yenye makaburi ishirini na matatu. Kaburi moja tu ndilo linaloweza kuingiwa, Cheonmachong, yaani kaburi la farasi wa mbinguni. Kabla ya kuchimbwa mwaka 1973 liliitwa kwa nambari tu, 155. Wataalamu walilichimba kama jaribio, wajifunze kabla ya kuligusa lile kubwa la jirani, na katika jaribio hilo wakapata taji la dhahabu na maelfu ya vitu vingine, pamoja na picha ya farasi mweupe iliyochorwa juu ya gome la mti. Ndani ya kaburi mgeni aliona jinsi watu wa Silla walivyozika. Maiti iliwekwa katika chumba cha mbao, chumba kikarundikiwa mawe mengi, na juu ya mawe ukashindiliwa udongo hadi kikawa kilima. Mbao zilipooza, mawe yaliporomoka yakajaza kila nafasi. Ndiyo sababu wezi walishindwa kufika ndani kwa karne nyingi. Kuanguka kwa chumba ndiko kulikokilinda kilichokuwamo.

Hata hivyo, jina la mwenye kaburi halikupatikana. Inadhaniwa alikuwa mfalme, lakini hakuna anayejua yupi. Kaburi lililo jirani, Hwangnamdaechong, ni vilima viwili vilivyoungana. Upande wa kusini alizikwa mwanamume. Upande wa kaskazini ulikuwa na mshipi wenye maandishi yanayomtaja mwanamke, na taji la dhahabu lilipatikana huko, ilhali mwanamume alikuwa na la shaba iliyopakwa dhahabu. Mgeni aliwaza juu ya nyanya yake, ambaye taji lake lilikuwa kitambaa cha rangi ya samawati, na ambaye jina lake analijua kila mtu katika kijiji kizima. Huku kulikuwa na kaburi lisilo na jina, likitunzwa kama mboni ya jicho. Kule kulikuwa na jina lisilosahaulika, na kaburi lake lilikuwa mbioni kuwa mali ya mtu baki.

Alimweleza mwenyeji habari za ujumbe ule. Alitarajia kuambiwa kwamba Wakorea hawawezi kufanya jambo kama hilo. Hakuambiwa hivyo. Mwenyeji alimsimulia kwamba kabla ya sikukuu ya Chuseok, wakati wa mavuno, jamaa hukusanyika kufyeka nyasi za makaburi ya wazee wao, kisha hurudi kuwaandalia chakula na kuwainamia. Lakini vijana wamehamia Seoul na Busan, na siku hizi wengi hulipa watu wa kuwafyekea. Aidha, zaidi ya watu tisa katika kila kumi wanaofariki Korea sasa huchomwa. "Babu yangu naye alichomwa," alisema. "Majivu yake yamo katika jumba la kuhifadhia majivu, ndani ya kisanduku chenye mlango wa kioo, ghorofa ya tatu. Mama hulia kila tukienda, kwa sababu hapana nyasi za kukata. Anasema mikono yake haina kazi."

Mgeni alielewa hapo kitu ambacho hakuwa amekielewa mwezi wa Machi. Kilichokuwa kikimuuma si umbali wa kaburi. Mikono yake pia haikuwa imepata kazi.

Mchana walikula wali uliofungwa katika majani mabichi, chakula ambacho mikahawa ya karibu na makaburi inajulikana kwacho. Walipotoka, waliuona mti wa gam uliopukutika majani yote, matunda yake ya rangi ya chungwa yakiwa yameshavunwa isipokuwa matatu katika tawi la juu kabisa. Mgeni alidhani yaliachwa kwa kuwa hayafikiki. Mwenyeji alicheka. Hayo, alisema, ni chakula cha kkachi, ndege wa jamii ya kunguru mwenye mabaka meupe. Ni desturi ya tangu jadi kwamba mwenye mti havuni lote. Huacha machache juu, ndege wapate cha kula baridi ikiingia.

Waliendelea hadi Cheomseongdae, mnara wa mawe wenye kimo cha takribani mita tisa, uliojengwa zama za Malkia Seondeok aliyetawala kuanzia mwaka 632 hadi 647. Alikuwa wa kwanza miongoni mwa malkia watatu waliowahi kuikalia enzi ya Silla kwa haki yao wenyewe. Umbo la mnara ni kama la chupa, na dirisha lake moja limeelekea kusini. Inaaminika kwamba ulitumiwa kutazamia nyota, kazi isiyokuwa ya anasa katika nchi ya wakulima, kwani aliyezijua nyota ndiye aliyejua siku ya kupanda. Mwezi Septemba mwaka 2016 tetemeko kubwa la ardhi liliutikisa mji, mnara ukazidi kuinama kidogo, lakini haukuanguka. Mgeni aliutazama kwa muda. Alikumbuka jinsi nyanya alivyokuwa akisimama uani jioni, mkono juu ya nyusi, akitazama mawingu ya upande wa mashariki, kisha akaingia ndani bila kusema neno. Hapo watoto walijua kwamba kesho haitanyesha.

Walipita msitu mdogo wa Gyerim, wakafika kijiji cha Gyochon chenye nyumba za kale za mbao na vigae. Humo mna nyumba ya ukoo wa Choe, matajiri walioudumisha utajiri wao kwa vizazi kumi na viwili, takribani miaka mia tatu. Mbele ya nyumba hiyo mwenyeji alipunguza mwendo.

"Dada, ukoo huu ulikuwa na miiko yake," alisema. "Labda itakufaa."

Alimhesabia kwa vidole. Wasitafute cheo cha serikali kikubwa kuliko kile cha chini kabisa cha kisomo. Mali yao isipite mapato ya seok elfu kumi za mchele kwa mwaka, na ikipita, wapunguze kodi wanayotoza wakulima wao. Wageni wakaribishwe kwa ukarimu. Bibi harusi anayeolewa katika nyumba hiyo avae pamba miaka mitatu ya kwanza. Asife mtu kwa njaa ndani ya ri mia moja kutoka hapo, umbali wa takribani kilomita arobaini. Na katika mwaka wa njaa, wasinunue shamba la mtu.

Mgeni aliomba huo wa mwisho urudiwe. Mwenyeji aliurudia, akafafanua. Mwaka wa njaa mwenye shamba huuza kwa bei yoyote, hata kwa sufuria moja ya uji. Atakayelinunua atakuwa hakununua ardhi tu. Atakuwa amenunua na njaa ya mtu, na mwenye njaa akishiba hatamsahau.

Ghala la mbao la ukoo huo bado limesimama uani, kubwa, na sasa ni tupu. Wa mwisho wa matajiri hao, Choe Jun, aliyezaliwa mwaka 1884 na kufariki mwaka 1970, alisaidia kwa mali yake harakati za kupigania uhuru dhidi ya Japani, na baada ya ukombozi wa mwaka 1945 akaitoa ili kuanzisha chuo mjini Daegu. Utajiri uliolindwa miaka mia tatu ukaishia katika elimu ya watoto wa watu wengine.

Mgeni aliketi juu ya jiwe mbele ya lango. Kwetu husemwa kwamba mwenye njaa hana miiko, na methali hiyo hutumiwa kumsamehe aliyeiba au aliyeuza kisichouzwa. Kwa miaka yote hakuwa amewahi kuuliza juu ya upande wa pili wake. Ikiwa mwenye njaa hana miiko, basi ni nani anayepaswa kuwa nayo? Ukoo wa Choe ulikuwa umejibu: aliyeshiba. Miiko ya mwaka wa njaa ilikuwa juu ya mnunuzi, si juu ya muuzaji. Hasira aliyokuwa nayo juu ya baba yake mdogo tangu asubuhi ilimtoka, akaona aibu. Baba mdogo hakuwa mkosa. Alikuwa mtu mwenye watoto wanne na ghala tupu.

Lakini mnunuzi yule wa Kitui hakuwa wa ukoo wa Choe, na hakuna aliyeweza kumlazimisha awe.

Walivuka daraja la Woljeonggyo, lenye paa na nguzo nyekundu, lililojengwa kwanza mwaka 760, likapotea, kisha likajengwa upya na kukamilika mwaka 2018. Jua lilikuwa linazama walipofika makumbusho ya taifa. Katika uwanja wake inaning'inia kengele kubwa ya shaba ya Mfalme Seongdeok, yenye uzito wa takribani tani kumi na tisa. Hadithi husimulia kwamba kengele ilikataa kulia hadi mtoto mdogo alipotupwa katika shaba iliyoyeyushwa, na kwamba sauti yake ni kilio cha mtoto huyo akimlaumu mama yake. Ni ngano tu. Lakini habari ya kweli ya kengele ndiyo iliyomshika mgeni. Mfalme Gyeongdeok alianza kuifanyiza kwa ajili ya kumkumbuka baba yake, akafa kabla haijakamilika. Aliyeikamilisha mwaka 771 ni Hyegong, mwana wa Gyeongdeok. Alikuwa mjukuu.

Kengele yenyewe haigongwi kila siku, ili isipasuke. Sauti yake iliyorekodiwa husikizwa wageni kwa vipindi. Ilipolia, nzito, ikizama na kuibuka kama pumzi ya mtu aliyelala, wasichana wawili walisimama wakanyamaza hadi ilipoisha.

Saa moja na nusu usiku walikuwa wameketi kando ya bwawa la Wolji, lililochimbwa mwaka 674 katika uwanja wa kasri la mwana wa mfalme. Taa zilimulika mabanda yake, na kila banda lilionekana mara mbili, juu ya maji na chini yake. Bwawa hilo lilipokaushwa katika miaka ya sabini, mwenyeji alisimulia, matopeni mlipatikana dadu ya mbao yenye pande kumi na nne, ambayo watu wa kasri waliirusha wakinywa. Upande mmoja ulimwamuru mtu anywe vikombe vitatu mfululizo, mwingine acheze ngoma bila muziki. Dadu ya asili iliungua kwa bahati mbaya ilipokuwa ikikaushwa ili ihifadhiwe. Zimebaki nakala.

Mgeni alitoa simu. Hakuwa na dadu ya kumwamulia. Aliandika, akafuta, akaandika tena:

"Shikamoo, Baba mdogo. Nimefikiri tangu asubuhi. Naomba tusiuze mwaka huu, maana mwaka wa njaa bei huwekwa na njaa. Nitakuwa nikituma nusu ya posho yangu kila mwezi hadi tutakapovuna. Tukishavuna tuketi sote, tuzungumze tukiwa tumeshiba, na mkiona bado inafaa kuuza, sitapinga. Naomba jambo moja tu: msimlipe mtu kufyeka kaburi la nyanya. Niachieni. Nikirudi nitalifyeka mwenyewe."

Aliutuma. Dakika zilipita. Upepo ulivuma, majani ya mwisho ya miti ya kando yakaanguka majini, na mabanda ya chini ya maji yakavunjika vipande kisha yakajiunga tena. Saa mbili na robo simu ililia.

"Marahaba, mwanangu. Neno lako limesikika. Mnunuzi ameondoka kwa hasira, amesema tutamtafuta wenyewe. Huenda ikawa hivyo. Tutabanana. Hapa kumetanda mawingu, ila hayana kitu."

Mwenyeji aliuliza kama ni habari njema. Mgeni alisema hajui bado. Walisimama, wakaelekea kituo cha mabasi kwa miguu, wakipita tena kandoni mwa makaburi, ambayo gizani yalikuwa vilima vyeusi tu visivyo na mwanzo wala mwisho. Karibu na kituo walikuta duka bado liko wazi. Mgeni aliingia kununua mkate wa maharagwe mekundu unaosifiwa mjini humo, akazihesabu noti alizokuwa nazo, akaurudisha mkate rafuni, akapanda basi.